Kabla ya Vuli

Baridi ya Julai imeniachia ukungu wa kijani
juu ya matandiko. Naufuta kwa kitambaa,
sabuni ya glisarini, na mate kidogo
pale karibu na kikuku ambapo ngozi imepasuka
kama kisigino changu.

Oktoba huingia na jakaranda kwenye paa la banda,
na siafu wakihamisha mayai juu ya ukuta,
na bei ya nyasi: juzi robota mia tatu,
leo mia tatu themanini,
yule wa Naivasha akiapa kuwa lori lake ndilo la mwisho.
Nimechukua arubaini. Nimeziinua juu ya mbao,
maana udongo mweusi wa Jamhuri ukishalewa maji
hukamata chochote: gurudumu, gambuti, kwato.

Zabibu, lete mguu.
Lete, mama. Siyo huo.
Napitisha chuma kandokando ya ile nyama laini,
naangusha kokoto, samadi, kizibo cha soda.
Nanusa. Bado pazuri.
Siku itakayonuka kama soksi za askari wa zamu ya usiku
tutakuwa tumechelewa.

Daktari Wambugu ameshapita na sindano,
kabla usubi hawajazaliwa kwenye madimbwi.
Mwaka ule tuliahirisha wiki moja tu.
Sultani alikufa na povu puani,
na mwanafarasi ambaye hatukuwa tumempa jina.
Tangu hapo sibishani na kalenda.
Magharibi ikikaribia, wote ndani.

Haya yote nilifundishwa na Odunga.
Sasa yuko Doha. Farasi wa huko
wanalala penye kiyoyozi, mmoja mmoja;
yeye na wenzake saba, chumba kimoja.
Jana usiku alinitumia sauti:
*Zabibu keshachanjwa?
Na mshipi usiukaze kwa pupa,
hujaza tumbo upepo, mwongo huyo.
Ongea naye. Ngoja apumue.
Eti, huko kumeanza kunyesha?*

Asubuhi hii nimemchezeshea Zabibu.
Masikio yakasimama, yote mawili.
Hakuitazama simu.
Aliutazama mlango.

Nikazima. Nikamchana singa
muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Saa tatu atakuja Naserian, miaka tisa,
na kofia mpya inayomziba nyusi.
Mama yake ataniuliza, Saisi, ni mpole?
Nitasema ni mpole. Sitasema
aliwahi kushinda mara kumi na moja pale Ngong Road
na kwamba magoti yake yanajua mvua
kabla ya redio.

Tandiko mgongoni. Mshipi chini ya tumbo.
Ameshavimba, kama kawaida yake.
Namwambia habari za nyasi, za yule wa Naivasha,
za kodi. Namwambia Odunga anakusalimu.

Tone likapiga bati. La pili. Halafu
kama mtu amemwaga choroko.
Nikainua simu juu, nikarekodi,
sekunde kumi na nne, nikatuma bila neno.

Zabibu akapumua.
Nikaukaza mshipi, tundu moja.