Risasi Isiyolia

Usiku ule nilikuwa na ufagio
nyuma ya pazia la ukumbi mkubwa wa Milwaukee,
nikingoja wenye nchi wamalize kucheka
ili nifagie.

Mgombea alikishika kipaza sauti
kama mtu anayemshika kuku shingoni.
"Mpinzani wangu anajisifu
kwamba aliwahi kuwa mhamasishaji wa mtaa."
Akanyamaza. Akapandisha nyusi.
"Mhamasishaji wa mtaa! Ndiyo kazi gani hiyo, jamani?
Ina mshahara, au hulipwa kwa ngoma?"

Ukumbi ukapasuka.
Mzee wa safu ya tatu alicheka hadi meno ya bandia yakamtoka.
Kijana mmoja akasimama kitini,
akachezesha mabega, akajikuna kwapa kama nyani,
na hakuna aliyemwambia keti.

Husemwa kicheko hakina rangi.
Kile kilikuwa nayo.

Basi, mhamasishaji ninayemjua mimi
ni Earlene Tolliver, magoti mabovu,
miaka thelathini na mmoja akikwangua ngozi za ng'ombe
hadi kiwanda kilipohama bila kuaga.
Januari, ngazi zote barafu,
alipita mlango kwa mlango na kikapu cha chupa tupu
akiomba maji. Si ya kunywa.
Ya kupimwa.

Nyumba ya kwanza hawakufungua.
Ya pili, mbwa.
Ya tatu, Mai Yer Vang alimchungulia kwa muda mrefu,
kisha akatoa komeo,
mgongoni mtoto wa miaka mitatu
ambaye hajasema neno.
Na Stan Wojcik, aliyeapa
hatakaa chumba kimoja na "watu wale",
alileta chupa yake usiku, ameiviringisha gazetini
kama mtu anayeficha gongo.

Maabara ikajibu: risasi.
Si ile inayolia,
inayoita polisi, kamera na maua kando ya barabara.
Hii hulala ndani ya bomba,
huamka na birika,
huingia kwenye uji wa mtoto bila kubisha hodi.

Tukaanza kukutana Jumanne, chini ya kanisa.
Tuligombana, usidhani.
Siku moja Wojcik alitamka neno ambalo sitaliandika.
Earlene aliweka kalamu chini, akamtazama,
akaichukua tena, akasoma ajenda ya nne.
Wojcik hakuomba radhi.
Wiki iliyofuata alileta viti kumi na viwili.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani nikifagia,
na ufagio una mizani yake:

*Wewe bwana ulocheka, kazi yetu huijui,*
*Ni ngazi kuzizunguka, baridi haipungui,*
*Ni majina kuandika, ya jirani na adui,*
*Risasi ikishanyweka, haiulizi u nani.*

Sakafuni waliacha vikombe, baluni,
jino moja la bandia (kweli, nalikabidhi ofisini),
na mabango ya mgombea, jina lake kubwa kama mkosi.
Nikayageuza. Nyuma ni meupe.
Nikabeba arobaini na sita.

Jumanne tukayaandika kwa rangi ya viatu:
namba ya nyumba, na chini yake kiasi cha risasi.
Tukayatundika vibarazani mtaa mzima,
hesabu zikiangalia barabara,
jina la bwana likiangalia ukuta.

Machepe ya halmashauri yalifika Mei.
Yamechimba mitaa mitatu kati ya kumi na mmoja.
Wetu ni wa tisa.
Mtoto wa Mai Yer bado tunamsubiri aseme.
Mgombea alishinda; namwona kwenye televisheni,
bado anacheka.

Earlene hatazami.
Ana kikapu, ana chupa,
na leo ameniuliza swali moja tu:
ule ukumbi wenu,
watafanya tena mkutano lini?
Mabango yamekwisha.