Safu ya Maelezo

Ufunguo wa stoo nilikuwa nao mimi,
shingoni, kwenye kamba ya kiatu,
kwa hiyo sitasema walificha.
Nilificha.

Jozi arobaini za glovu nyeusi, ndefu hadi kiwikoni,
miwani ishirini ndani ya nailoni,
shelfu ya juu, juu ya magunia ya kostiki,
kiwanda cha sabuni ya mawese, Katubuka,
pale ambapo upepo wa ziwa ukigeuka
mtaa mzima unanuka kufua.

Sheria ilikuwepo, asikudanganye mtu.
Ilitundikwa ofisini, kwenye fremu, nyuma ya mlango.
Mlango ukifunguliwa, unaifunika,
na kwa joto lile nani angeufunga?
Mwajiri atatoa vifaa vya kinga.
Mwajiri atahakikisha maji safi yapo karibu.
Atatoa.
Hakimu hulisoma neno hilo kama amri.
Mimi karani nililisoma kama kesho.

Kazi yangu ilikuwa daftari:
tarehe, jina, kifaa, saini,
na mwisho kabisa safu ya maelezo,
nyeupe tangu ukurasa wa kwanza.
Kila baada ya miezi mitatu walipanga foleni
kusaini glovu walizozijua kwa macho.
"Mama Stoo, nimepokea nini?" Ntakije huuliza.
"Umepokea mshahara. Saini."
Hucheka, kicheko kikubwa kuliko mwili wake,
kisha husaini, herufi zinaegemeana
kama watoto wanaojifunza kusimama.

Siku ya mkaguzi, habari zilimtangulia kutoka stesheni.
Kufika saa mbili, kila mkono una glovu,
mkanda wa mota umevalishwa wavu wake,
na sanduku la msalaba mwekundu
tumeliondoa sukari na majani ya chai.
"Mnavaa kila siku?"
"Ndiyooo," tukaitika, kama darasa la pili.

Saa nane nikazihesabu zikirudi.
Thelathini na tisa.
Ya arobaini ilikuwa bado mikononi mwa Ntakije,
amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
anakunja vidole, anakunjua.
"Mama Stoo, leo sikuwashwa."
Nikamnyooshea kiganja.
Lete.

Jumanne iliyofuata kibarua mgeni,
ambaye hakuna aliyemfundisha kipi kinatangulia,
alimimina maji juu ya kostiki.
Pipa likakohoa.
Ntakije ndiye aliyekuwa ameinama karibu.
Bomba la jirani lilikatwa tangu mwezi uliopita, bili.
Watu walimwagia maji ya chupa, ya ndoo, ya kunawia,
mmoja alikuja na birika.
Na mimi, unajua nilikimbilia wapi?
Stooni. Nilihangaika na kufuli,
nikapanda magunia,
nikarudi mbio na jozi moja ya glovu
mpya, bado zina unga ndani,
nikasimama nazo mbele ya mtu
asiye na mikono ya kuzivaa.

Wakaja wa bima, wakaja wa kampuni na tai zao.
Wakaliomba daftari, wakalipenda.
Halina mstari uliorukwa.
Ntakije kasaini mara kumi na moja,
alipokea, alipokea, alipokea,
wakati uliopita, wino wa bluu.
Wakaniachia usiku mmoja nilipange vizuri.

Nililipanga.
Nilianza ukurasa wa kwanza, safu ya mwisho,
jina kwa jina, hadi taa ya mafuta ikaanza kutoa moshi:
hakupokea, hakupokea, hakupokea.
Chini nikatia saini yangu,
ambayo daftari lile halikuwahi kuidai.

Asubuhi nikavua kamba shingoni.

Siku hizi namkuta njia ya Mwanga, anauza vocha,
mtoto wa dada yake ndiye anayezikwangua.
"Mwakeye," ananisalimu,
ananinyooshea kifundo cha mkono
kama mtu uliyemkatiza akila.
Nakishika.
Hakuna anayecheka, ila hakiondoi haraka.