Bawabu

Kirumba, nyuma ya mashine ya kusaga,
chumba cha bati, mabenchi tisa, kiingilio mia tano.
Harufu ya mapanki inaingia bure.
Mimi ndiye sauti. Nina kipaza sauti
kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli,
na pembeni Bahizire wa Bukavu
ananimegea Kifaransa tonge kwa tonge,
nami nakitema Kiswahili.

Jumanne moja akanigusa goti:
"Huyu bawabu, msikilize. Si Mfaransa, ni Mmarekani.
Ile r yao haimkai kooni,
anaizunguka kama mtu anayekwepa dimbwi."

Basi nikaanza kumtafuta.
Kuna filamu alishika mwavuli wa tajiri.
Kuna nyingine alikuwa daktari wa farasi:
alisema "amekufa", akavaa kofia, akatoka.
Mara nyingi walimpiga risasi kabla sijamaliza karanga.
Nywele zikaisha. Fimbo ikaja,
na sikujua kama ni ya filamu au ni yake.
Nadhani kwao walimpigia simu:
lini utarudi uigize kwa lugha ya mama yako?

Sasa lafudhi unaitafsiri vipi?
Mashujaa nawapa Kiswahili cha redio.
Yeye nilimpa changu,
kile nilichoshuka nacho melini kutoka Nansio,
kinachoburuta irabu kama mtumbwi juu ya kokoto,
kile walichokicheka darasani Nyamanoro
hata nikakikunja, nikakificha chini ya ulimi
miaka ishirini na mbili.

Watu walicheka. Halafu kicheko kikachoka chenyewe,
na mchuuzi mmoja wa sangara akasema gizani:
"Mzungu huyu katoka Ukerewe."

Filamu ya mwisho niliyomwona
yuko dirishani, mvua inanyesha upande wa pili wa kioo.
Bahizire akatikisa kichwa: hasemi kitu.
Kazi yangu hairuhusu kimya.
Pakiwa kimya naeleza mvua, naeleza dirisha,
natangaza hata duka la jirani.
Safari hii nikabonyeza kitufe, nikazima.
Sekunde kumi na moja tulimtazama mzee yule
anavyomeza mate.

Jina lilipita mwishoni, la kumi na saba,
Oren Taketi, kama nilivyowahi kulisoma,
huku benchi la nyuma wakigonga bati:
"Sauti! We Musiba, umelala? Rudisha sauti!"