Zamu ya Usiku, Usinge

Usisukume bado, Kalunde.
Hema kama unapuliza uji.
Sola imefifia; mama mkwe wako kanishikia tochi,
na mkono wake unatetemeka kuliko wako.

Kichwa kinakuja. Taratibu.
Kiungamwana kimezunguka shingo mara moja,
nakipitisha utosini
kama mtu anavua shanga.

Sasa.

Ameteleza viganjani mwangu,
kimya, rangi ya zambarau.
Namfuta mgongo kwa khanga yako.
Namfuta tena.
Huko stesheni treni ya Kigoma inapiga honi
naye anaijibu, kwa hasira.

Mlaze kifuani, ngozi kwa ngozi.
Kiungamwana bado kinapwita; mkasi usubiri.

Mama, zima tochi upumzike.
Hapana, washa:
kondo halijatoka.