Kabari

Bi Tyyne Heiskanen aliingia na baridi yake,
akatua mezani mfuko wa plastiki:
kichwa cha shoka, na kipande cha mpini
kilichokatikia shingoni, kama sentensi
ya mtu aliyeitwa nje.

Mwezi wa kumi, Kainuu. Maziwa yameanza kushika ganda.
Mimi nilikuwa na wiki sita kazini
na nilijua kila kitu.

"Chukua hili," nikamwambia. "Chuma cha pua,
kichwa hadi mkia, kipande kimoja.
Halina kiungo, basi halina pa kulegea.
Liache mvuani, lisahau, lirithishe."
Nikaligonga kwa kucha, likalia ting',
nikatabasamu kana kwamba nimelifua mwenyewe.

Hakulitazama. Alikwenda kwenye pipa la mipini,
akaitoa mmoja mmoja, akaigeuza kichwa chini,
akasoma vitako vyake dirishani
jinsi watu wanavyosoma tarehe kwenye pakiti ya maziwa:
"Huu nyuzi zake zimekwenda upande. Huu una fundo.
Huu umekaushwa kwa pupa, hautaiona Januari."
Saba akaikataa. Wa nane akaunusa,
akaurudisha taratibu zaidi.

Nikampeleka uani, kwenye gogo la majaribio.
La mti kwanza. Kuni ikafunguka, shoka likanyamaza;
mpini ulikimeza kishindo chote
kama mtu anayemeza tusi mbele ya wageni.
Halafu la chuma. Kuni ikafunguka vilevile,
lakini kishindo hakikuishia pale:
kilimpanda kifundo cha mkono, kikafika kiwiko,
kikamtokea usoni.

Nikasema moyoni, basi ni la mti.
Nikaanza kuandika risiti.

"La chuma," akasema.

"Mipini yote ya nyumba ile aliichonga Urho.
Ukivunjika asubuhi, jioni una mwingine,
kazi yangu kulalamikia maranda sakafuni.
Sasa ukinivunjikia Februari, theluji kiunoni,
barabara imefungwa, nani atanichongea?
Viwiko ninavyo viwili. Lete hilo."

Akalipa kwa noti zilizokunjwa mara nne.
Kichwa cha zamani akakirudisha mfukoni.
Nikamwambia tunanunua vyuma chakavu.
Alinitazama hadi nikaanza kupanga misumari
iliyokwisha kupangwa.

Machi nilimpelekea bomba jipya la jiko.
Shoka la chuma lilikuwa limeegemea banda,
limevishwa soksi ya sufu, ya mwanamume, hadi shingoni,
maana digrii thelathini chini ya sifuri
chuma hung'ang'ania ngozi bila kuomba ruhusa.
"Linafanya kazi," akasema. "Halichoki. Nachoka mimi."
Mkono wa kulia ulishika kikombe
kwa vidole vitatu tu.

Ndani, penye mwanga wa dirisha:
kisu, kigae cha kioo cha kukwangulia,
na kipande cha mbetula, mti ule wa gome jeupe,
nusu mpini, nusu bado kuni.
"Wa tatu huo," akasema. "Wa kwanza ulipinda.
Wa pili nilikwangua nikiwa na hasira,
ukaisha kabla ya hasira.
Yote miwili iliwaka vizuri."

Akaupachika kwenye kile kichwa cha zamani,
akalitikisa shoka karibu na sikio. Likacheza: tk, tk.
Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu mianya,
nikayaacha yalipokuwa.
Alifumba jicho moja, akaupima mwanya
kwa ukucha wa kidole gumba.

"Ukipita wiki ijayo," akasema, "niletee kabari.
Ya mti."