Ngeli ya Mnyoo

Sanduku lilipofika Rasbura, mwalimu wa Bayolojia
alikuwa kwao Nachingwea, amejifungua pacha.
Mkuu wa shule akaniita mimi:
"Wewe ndiye mwenye maneno. Ziandikie lebo hizo chupa."

Kumi zilikuwa za konokono na viti vya pweza.
Ya kumi na moja imezibwa kwa nta,
na ndani ya spiriti amelala
(au umelala, tutafika huko)
mnyoo wa ncha ya kusini, mrefu kuliko kiganja changu,
mzaliwa wa bahari iliyoezekwa barafu.

Tendaguru ilitoa mifupa, ikapakiwa, ikaenda.
Haikurudi. Leo tumeletewa mnyoo.
Sisemi tumepunjwa. Nahesabu tu.

Nahesabu: magamba jozi kumi na tano,
yamelaliana kama makuti ya fundi asiye na haraka,
kila moja limeshikwa na kikonyo kifupi
kama korosho ilivyoning'inia kwenye bibo lake.
Ubavuni, nywele ngumu za rangi ya dhahabu,
vifungu kwa vifungu,
mtu angedhani zimekatwa kwenye brashi ya sonara.

Kidato cha pili wakazunguka meza.
"Jongoo wa barafu," akasema Dastani Mnali,
"na tazama huo uso! Tazama hayo meno!"
Nikafungua kitabu, nikasoma, nikarudia kusoma.
Huo si uso. Ni koo,
koo lililopinduliwa nje kama mkono wa kanzu siku ya kufua,
na mataya manne kwenye pindo.
Kichwa chenyewe ni kile kidogo, nyuma, juu,
chenye papasi zake tatu.
Kipindi kizima tulikuwa tukilisalimia koo.

Nasaba yake nikaisoma kama posa:
himaya ya wanyama, faila ya Anelida,
watu wa pingili, binamu wa nyungunyungu
wa bustani yetu ya mchicha;
ngeli ya Polikaeta, wenye nywele nyingi;
familia ya Polynoidae, akina magamba.
Jenasi imeliwa na mende: *Eula*
na hapo karatasi inakatika.

Ngeli! Neno langu hilo.
Miaka kumi na tisa nalifundisha
sikujua lina nyumba ya pili.

"Mwalimu," akauliza Somoe Nambunga, kalamu hewani,
"niandike *mnyoo huyu* au *mnyoo huu*?"
Jana tu ubaoni: chenye uhai ni A-WA.
Nikataka kumwambia, huyu alikufa kabla hujazaliwa,
nikajisikia nimeshasema *huyu*.
"Hata dagaa kikaangoni ni *hawa*," akadakia Dastani,
na darasa likacheka, likaona njaa.

Somoe akaandika *huyu*, akaupuliza wino.

Nilipoinua chupa niibandike lebo
gamba moja likaachia,
likashuka ndani ya spiriti, taratibu, likatua chini.
Kitabu kinasema ndugu zake wengine, wakiwa hai,
huyaacha hivyo makusudi:
adui abaki na gamba mdomoni, mwenyewe keshaondoka.

Gamba hili. LI-YA. Hilo halina ubishi.

Somoe akafuta *thelathini*, akaandika *ishirini na tisa*,
akaitazama chupa, akafuta tena.
"Ni thelathini, Mwalimu. Moja liko chini."