Pete ya Njiwa

Nililala kifudifudi kabla hakujapambazuka,
tumbo juu ya jabali, viwiko ndani ya umande,
lenzi nimeivika soksi ya marehemu baba
isije ikameta, ikanichongea.
Mbele yangu Rasi ya Corvelle imekatika ghafla
kama mkate ulioumwa na mtu mwenye hasira,
na chini, mita tisini, Atlantiki inaguguna.
Huku kwetu Galisia hatuna mchanga wa kujivunia.
Tuna magenge, tuna miiba yenye maua ya manjano,
na upepo usiokwenda likizo.

Kozi jike alikuwa ukingoni pake,
juu ya doa jeupe la vinyesi vya miaka.
Asubuhi nzima hakufanya lolote.
Alijikuna. Alinitazama, naapa alinitazama,
kwa jicho jeusi lenye mzingo wa manjano,
kama karani wa forodha mbele ya sanduku la maskini.
Wasemao kozi hulala njaa kwa kupenda
hawajawasikia makinda wake watatu wakidai.

Nilipiga picha mia mbili na kumi na sita.
Bawa lisilo na kichwa. Mkia. Anga tupu.
Kipanga mdogo aliyening'inia upeponi
kama aliyesahau alichokifuata.

Adhuhuri maji ya bamvua yakapwa, miamba ikabaki uchi.
Delmiro akashuka kwa kamba, wavu kiunoni,
kuvikwangua vile vidole vyeusi vya bahari
vinavyoota pale tu mawimbi yanapoua,
ambavyo watu wa mjini huvilipia mshahara wa juma.
Tulisoma darasa moja.
Kila tukionana humwambia atafute kazi ya nchi kavu,
naye huniambia nitafute kazi.

Kisha vyote vikaja pamoja, kama madeni.
Njiwa alitokea kusini, chini chini,
peke yake, mwenye haraka.
Kozi akaanguka.
Sisemi aliruka. Alifunga mbawa, akawa jiwe,
na kidole changu kilikuwa pale, mwanga ulikuwa pale,
miaka kumi na moja naingoja picha ile,
na pembeni mwa lenzi, nyuma ya Delmiro,
nikaiona bahari ikisimama.

Niliiacha kamera. Nilipiga ukelele
ambao hadi leo sijui ulikuwa jina lake au la Mungu.
Hakugeuka; mtu wa kazi ile hageuki.
Aliukumbatia mwamba
kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa,
wimbi likamfunika, likakaa,
likakaa,
likateremka.
Kamba ikatikisika mara mbili: yu hai.

Juu yetu manyoya yalikuwa yakishuka,
hayana haraka ya kufika majini.

Alichukua saa nzima kupanda, akitema chumvi na matusi.
Chini ya ukingo wa kozi alikuwa ameokota mguu,
mwekundu, mwembamba, wenye pete.
"Umeipata?" akauliza.
Nikamwonyesha: mwamba, nyasi, ncha ya kiatu changu.
Alicheka mpaka akakaa chini.
Halafu kicheko kikakatika, mikono ikaanza kumtetemeka,
nikaishika, ina baridi ya samaki,
wala hatukulisema hilo.

Jioni tulichemsha vidole vya bahari katika sufuria yake,
tukala juu ya boneti ya gari.
Peteni palikuwa na namba ya simu, ya Ureno.
"Iache," Delmiro akasema. Kisha: "Piga."

Mwanamke aliitika. Nikamwambia,
kwa Kireno changu kilichochakaa, ni kuhusu njiwa.
"Ngoja!" akasema, na sauti yake ikawa nyepesi,
"Abílio yuko juu ya paa tangu asubuhi,
anaangalia angani. Ngoja nimwite."

Nikasikia ngazi. Nikasikia viatu vya mzee, kimoja kimoja.
Na kule gengeni makinda watatu
walikuwa wameshanyamaza.